Mti Uhame, Mdudu Abaki?

Kuna hadithi ambayo karibu kila Mtanzania ameisikia, na ukiibisha kijiweni unaweza kunyimwa hata kahawa: Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, wakaenda kutajirika nazo, na leo sisi ndio tunaowanunulia mafuta. Ni hadithi tamu kwa sababu inauma. Vitabuni njia ni nyingine. Inatajwa miche minne iliyopandwa mwaka 1848 kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, kuwa ndiyo bibi wa mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Na mti wenyewe kwao ni Afrika Magharibi na Kati. Sina haja ya kugombana na wazee wa kijiweni leo. Kinachonishughulisha ni kwamba hadithi zote mbili, ya kijiweni na ya vitabuni, zinamsahau mhusika mmoja, naye ni mdudu.

Mchikichi hutoa maua dume na maua jike kwenye mti mmoja, ila kwa zamu. Wakati wa jike, dume mara nyingi hayupo, kwa hiyo chavua lazima itoke kwa jirani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba upepo ndio unaoibeba. Huko Malaysia upepo haukutosha. Mikungu ilitoka na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na wenye mashamba wakaajiri vibarua wa kupita mti kwa mti wakinyunyiza chavua kwa mkono. Kumbe Kameruni yuko fukusi mdogo sana, Elaeidobius kamerunicus, anayekula na kuzaliana kwenye maua dume ya mchikichi. Ua jike nalo hutoa harufu inayofanana na ya dume. Fukusi anadanganyika, anakwenda, hakuti chakula, anaondoka. Lakini chavua aliyokuja nayo mgongoni imeshabaki pale. Mtaalamu wa wadudu R. A. Syed alimchunguza hukohuko kwao, akampima kama anaweza kushambulia mazao mengine, na mwaka 1981 fukusi hao wakaachiwa kwenye shamba moja la Johor. Mikungu ikajaa. Vibarua wa chavua wakakosa kazi, jambo ambalo wasimulizi wa mafanikio haya hulipita haraka.

Mti ulifika Asia mwaka 1848, mwenzake akafika 1981. Miaka 133 mtu amekaa ugenini bila jamaa zake, na watu wakimlaumu kwamba hazai vizuri.

Nayaandika haya kwa sababu baba yangu mdogo anataka kupanda michikichi. Yuko upande wa Mbogwe, eneo lililokuwa mkoa wa Shinyanga hadi Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Duara alilokuwa na hisa ndogo limetema, akapata pesa, na kwa busara ambayo wachimbaji wengi hawana akaamua isiishie kwenye bia. Amesikia habari za Kigoma: tangu 2018, Kassim Majaliwa akiwa Waziri Mkuu, serikali imekuwa ikilisukuma zao hili kwa nguvu, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya aina ya Tenera, yenye nyama nyingi na kokwa jembamba. Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si unasomasoma? Hebu niulizie miche." Nikamuuliza, "Sawa, baba, utapanda wapi?" Akajibu kana kwamba swali halina uzito: "Kwenye ngitili ya mzee. Ekari nane zimekaa bure."

Hapo kwenye "bure" ndipo nilipokwama.

Jibu la kitaalamu ni fupi. Mchikichi hustawi kwenye mvua ya karibu milimita 2,000, iliyotawanyika mwaka mzima. Kigoma yenyewe haifiki huko, ndiyo maana michikichi utaikuta zaidi mabondeni na karibu na ziwa. Shinyanga ni mkoa wa milimita 600 hadi 900 na kiangazi kirefu. Geita kuna nafuu, lakini si nafuu ya mchikichi. Juu ya hayo, mche unaosafiri kwenye kiriba haujachanua bado, na mdudu anayeishi kwenye ua dume hawezi kupanda basi pamoja nao. Nilimweleza yote. Akasema atachimba kisima, na kuhusu mdudu, kama Wamalaysia walimleta, sisi tunashindwa nini? Hoja nzuri. Kwa pesa za kutosha karibu kila kitu kinaweza kuhamishwa. Kwa hiyo swali la "inawezekana?" halikunisaidia, likabaki la "inafaa?", ambalo halina bwana shamba.

Shinyanga ina historia ndefu ya kugombana na mdudu. Tangu miaka ya 1920, chini ya Waingereza na watemi, watu walitolewa kwa wingi kwenda kufyeka pori ili kumfukuza mbung'o, na Shinyanga ya Zamani ikawa makao ya utafiti wake. Hawakuwa wajinga. Nagana ilimaliza ng'ombe, malale ilimaliza watu. Baadaye ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakiacha mahame na ngitili zao nyuma. Kufikia miaka ya 1980, sehemu kubwa ilikuwa vumbi na visiki, na kuni zilitafutwa mbali. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao jambo lake la maana zaidi halikuwa kuleta miche mipya. Lilikuwa kuirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kiwe akiba ya kiangazi. Ardhi ikipumzishwa, visiki vya migunga vinachipua vyenyewe. Maua yakirudi, nyuki nao wanarudi bila kupigiwa simu.

Mbung'o alistahili kuogopwa. Ila kwa kumtazama mdudu mmoja tu, watu walibomoa nyumba ya wadudu wote. Baba mdogo anautazama mti mmoja tu kwa namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba yeye anaupenda. Na mazingira ya dhahabu hayamsaidii. Kwenye mwalo watu wanapima hadi pointi ya gramu, lakini miti iliyokatwa kwa ajili ya matimba ya kushikilia duara haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Nilijaribu kumtetea nyuki kwa faida: asali, na alizeti ambayo bila wadudu hutoa vichwa vyenye mapepe mengi. Hoja ni ya kweli na inauzika. Lakini ni hoja ya Johor: mdudu ni kibarua wa bei nafuu, na akija wa bei nafuu zaidi, kwaheri. Kant alisema wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu kwa binadamu uliopitia mlango wa nyuma, maana anayemtesa mbwa anajizoesha ukatili. Hakufika kwa fukusi.

Mimi nadhani neno tunalolihitaji ni deni. Faida inatazama mbele, itanipa nini kesho. Deni linatazama nyuma. Tuseme jirani amekuwa akipalilia shamba lenu alfajiri kwa vizazi vitatu bila kudai kitu, na siku moja umegundua. Hata kama kesho umenunua trekta na humhitaji tena, utavunja nyumba yake kwa sababu kiwanja kina jina lako? Babu alilisha ng'ombe wake kwenye ile ngitili na akatundika mizinga humo. Mahari ya bibi mdogo ilitoka kwenye hao ng'ombe. Ndiyo maana siwezi kuliita pori lile "bure".

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchikichi ni mgeni, na sina ugomvi na wageni. Muhogo na mahindi walikuja hivyohivyo. Ila mgeni huyu anaomba mwenyeji ahame kwanza.

Pingamizi linaloniumiza ni la baba mdogo mwenyewe: kwa nini deni la nyuki lilipwe na yeye mwenye ekari nane, wakati waliofyeka maelfu hawadaiwi? Sina jibu safi. Ninaloweza ni kuchangia. Nimemwambia nitaleta mbegu za alizeti na gharama ya kulima ekari tatu zilizo nje ya ngitili, ambazo tayari ni shamba, na mizinga sita ya kutundika ndani. Miche ya michikichi, kama bado anaitaka, nitamletea minne, aipande bondeni karibu na kisima, aone mwenyewe. Akacheka, akauliza kama hiyo minne ni ya Bogor. Kikao cha ukoo ni baada ya mavuno, na shangazi, ambaye ndiye anayeokota kuni humo, bado hajaulizwa.