Nakala Siyo Feki

Je, ukinunua bodi ya Arduino iliyonakiliwa, umeiba? Vijana wengi wanaotaka kuunda roboti ya magurudumu mawili hukutana na swali hili mapema, na majibu wanayopewa ni mepesi mno. Mmoja atawaambia wizi ni wizi tu. Mwingine atasema, "Kwani mimi tajiri?" Naona wote wawili wanakimbilia bei, na bei siyo kiini cha jambo.

Tuanze na kazi yenyewe. Moyo wa Arduino Uno ya kawaida ni chipu inayoitwa ATmega328P, yenye nafasi ya programu kilobaiti 32 na mwendo wa megahezi 16. Ni kidogo, lakini kwa mota mbili inatosha na kubaki. Tena chipu haiendeshi mota kwa nguvu zake. Mguu wake mmoja haufai kubebeshwa zaidi ya miliampea 20 hivi, na mota ndogo ya roboti inataka mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana katikati huwekwa bodi nyingine, kama ile ya L298N, ibebe umeme mzito. Chipu inatoa amri tu: washa, zima, washa, zima, mara 490 hivi kwa sekunde. Wewe kwenye programu unaandika namba kati ya 0 na 255, kusema mota ipate umeme kwa sehemu gani ya muda huo. Basi. Kazi hii haijali jina lililochapwa juu ya bodi.

Anayejali jina ni binadamu. Michoro ya Arduino Uno imetolewa wazi, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitengeneza na kuiuza. Kilichozuiwa ni kutumia jina. Kwa hiyo anayeuza bodi ileile kwa jina lake mwenyewe hajaiba kitu, ameruhusiwa. Anayechapa jina la Arduino juu ya kazi isiyo yao, huyo ndiye feki. Kosa lake ni uongo, hata kama bodi inafanya kazi vizuri na hata kama ameiuza kwa bei ya kutupa.

Mtu atauliza: kama ruhusa ipo, kuna deni gani tena? Lipo. Arduino yenyewe ni mtoto wa kazi nyingine. Mwaka 2003, mjini Ivrea, Italia, mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza kuunda mfumo ulioitwa Wiring kwa ajili ya shahada yake. Mwaka 2005 ikatokea Arduino, iliyojengwa juu ya Wiring, na mmoja wa waanzilishi wake, Massimo Banzi, alikuwa msimamizi wa Barragán. Wiring ilikuwa huria, hivyo ruhusa ilikuwepo. Lakini miaka mingi baadaye Barragán aliandika kwa kirefu akilalamika kwamba mchango wake haukusimuliwa inavyostahili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ruhusa haifuti wajibu wa kumtaja mtu.

Upande wa pili, kupambana na feki nako kuna mipaka. Oktoba 2014, kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na USB, ilitoa programu iliyofika kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya Windows. Programu hiyo ilibadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu feki zenye jina la FTDI, kompyuta zikaacha kuzitambua. Watu walipiga kelele, na programu ikaondolewa. FTDI walikuwa wameibiwa jina, hilo sibishi. Ila waliyempiga siye mwizi. Walimpiga mnunuzi wa mwisho, ambaye hawezi kupasua chipu kuona ndani kuna nini. Adhabu inayomwangukia asiyejua siiti haki.

Njia safi zaidi ipo, na haina makelele. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, ya kampuni ya Kichina WCH. Inafanya kazi ya namna ileile ya kuunganisha USB, inauzwa rahisi, na imeandikwa jina lake. Kampuni hiyohiyo ikaja kuuza CH32V003, maikrokontrola kamili ya takriban senti 10 za Marekani, inayoweza kabisa kuendesha mota za roboti. Utalipa kwa njia nyingine, kwani inahitaji kifaa chake cha kupandishia programu na mifano ya kujifunzia ni michache. Lakini haijamdanganya mtu.

Kwa hiyo kijana asiye na hela simwambii anunue "orijino" ndio awe mwadilifu. Namwambia amuulize muuzaji hii ni ya nani, na muuzaji aseme kweli. Na akichukua msimbo wa mtu mwingine wa kuendesha mota, asifute jina la mwandishi pale mistari ya juu. Kuliacha hakumgharimu hata senti moja.