Nadhiri ya Nywele

Mwaka jana, baada ya mavuno ya pamba, wazee watatu wa kijiji chetu walinijia nyumbani usiku. Kijiji chetu ni mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bariadi mjini, na wazee hawa si watu wa kutembea usiku bila sababu. Walikaa, wakanywa maji, wakanyamaza kitambo. Kisha mkubwa wao akasema, "Mwalimu, twataka uende ukaseme na yule mama, akubali kukata nywele zake. Sisi ametushinda."

Yule mama ni mjane, mtu wa makamo, nami simtaji jina. Nywele zake zilikuwa hazijaguswa na wembe wala mkasi kwa muda wa miaka tisa. Zilikuwa zimejisokota zenyewe kama kamba za katani, zikamfikia kiunoni. Akienda shambani huzikunja juu ya kichwa na kuzifunga kwa kitambaa, hata ukimwona kwa mbali wadhani amejitwika mzigo. Hakuziacha kwa uvivu, wala kwa urembo. Mwanawe wa kwanza alikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Alipiga simu mara mbili. Ya tatu haikuja. Mama akatuma watu, wakarudi na maneno yasiyolingana: huyu alisema kijana amevuka kwenda Kongo, mwingine alisema hajapata kuonekana huko kabisa. Ndipo yule mama alipoapa mbele ya Mungu kwamba hatatia wembe kichwani mpaka amwone mwanawe kwa macho.

Wazee walikuwa na sababu zao, nami sikuziona kuwa upuuzi. Mmoja alinena habari ya usafi, lakini hilo halikumchukua muda. Wa pili alinena habari ya desturi. Kwetu, kama ilivyo kwa makabila mengi, mtu akifa ndugu zake hunyoa vichwa, na nywele zikiota tena watu hujua kwamba kilio kinakwisha. Wakristo wengi wameiacha desturi hiyo, walakini maana yake haijatutoka mioyoni. Mzee yule akasema, "Huyu mama amesimama mlangoni, hayumo ndani wala hayupo nje. Na anyoe, tumlilie kijana, jambo liishe."

Wa tatu alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, naye alisema neno lililonitia baridi. Alisema kwamba watoto wameanza kumkimbia shemeji yake njiani. Tena mtu mmoja, ng'ombe wake walipokufa, aliuliza kwa sauti mbele ya watu, nywele zile zinaficha nini. Ninyi mkaao Usukuma hamna haja ya kuelezwa zaidi. Wanawake wazee wengi wameuawa katika nchi yetu kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa mafiga, yamehesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha. Yule shemeji hakuja kwangu kwa chuki. Alikuja kwa hofu.

Basi kesho yake alasiri nikaenda. Nilimkuta uani akipepeta choroko.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwalimu. Karibu kigoda."

Nikamwambia yale ambayo walimu husema. Nilimwambia kwamba Mungu hutazama moyo wala hatazami kichwa; kwamba nadhiri iliyotamkwa katika uchungu mkuu Mungu hatamdai mtu kwa ukali; kwamba kunyoa si kumsahau mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala ungo haukusimama mikononi mwake. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, nikinyoa leo, kesho mtu akiniuliza nimefiwa na nani, nimjibu nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Ninyi mwataka ninyoe ili ninyi mpate kumaliza. Mimi sina kaburi la kwenda kulipalilia. Nikinyoa, mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika."

Nikarudi nyumbani, na usiku ule sikulala vema, kwa maana niliona nimekwenda kufundisha jambo nisilolijua. Tangu hapo nimelifikiri mara nyingi, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata.

Mambo ya nywele ndefu ni ya zamani sana, wala si ya kabila moja. Jirani zetu Wamasai, ng'ambo ya Serengeti, morani wao hufuga nywele ndefu, huzisuka na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Siku ya sherehe ya eunoto mama yake morani humnyoa, na wako mashujaa wanaolia siku hiyo kama watoto. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6, twasoma habari za Mnadhiri, ambaye wembe haukupita kichwani mwake siku zote za nadhiri yake. Lakini siku zile zilikuwa na mwisho, na zilipotimia alinyoa mlangoni pa hema, nazo nywele zikatiwa katika moto uliokuwa chini ya sadaka ya amani. Tazameni, hazikutupwa jalalani. Hata Paulo alinyoa kichwa huko Kenkrea kwa kuwa alikuwa na nadhiri. Samsoni ndiye aliyenyolewa usingizini, kwa shauri la mwingine, na yaliyofuata twayajua. (Watu hupenda kumtaja Absalomu katika maneno haya, ati nywele zake zilimnasa mtini. Maandiko husema kilichonaswa ni kichwa, na nywele zake alikuwa na desturi ya kuzikata na kuzipima kwa mizani. Basi tumwache.)

Nilipofika hapo nilidhani nimeiona kasoro ya nadhiri ya yule mama. Nywele za Mmasai zina siku yake, na za Mnadhiri vilevile; za mama huyu hazina siku. Amezifunga katika jambo ambalo haliko mkononi mwake. Mtu akisema, "Sitakula mpaka mvua inyeshe," amejifanya mtumwa wa mawingu. Nilikuwa tayari kurudi kwake na hoja hiyo, nikiona ni hoja nzuri, ndipo nikaikumbuka habari ya mwanamke mmoja wa Kenya.

Mwanamke huyo aliitwa Muthoni wa Kirima, wa upande wa Nyeri. Waingereza walitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Muthoni aliwapelekea wapiganaji chakula na habari, kisha akaingia msituni yeye mwenyewe, akapanda hata akapewa cheo cha jemadari mkuu, mwanamke wa pekee aliyekipata katika vita vile. Dedan Kimathi alikamatwa mwaka 1956, akanyongwa Februari 1957. Muthoni hakukamatwa, alikaa msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Nywele alizotoka nazo msituni zilikuwa zimejisokota, naye hakuzikata. Alisema atazikata atakapoyaona matunda ya ule uhuru walioupigania. Marais wakafuatana mmoja baada ya mwingine, naye akangoja. Mwezi wa Aprili 2022, umri wake yapata miaka tisini, aliketi nyumbani kwake Nyeri, na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, akamkata nywele zile za miaka sabini hivi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Muthoni akafariki.

Watu wa Kenya walibishana sana juu ya jambo hilo. Wengine walifurahi kuona mama mzee ametuliwa mzigo. Wengine wakauliza, matunda yenyewe yako wapi, nao wapiganaji wengi wamekufa maskini, hawana hata shamba? Tena wakaulizana juu ya mkono ulioshika mkasi, wakisema ni mkono wa nyumba ya wakubwa. Sitaingia katika ugomvi wa jirani. Lakini swali moja lanihusu: je, Muthoni alivunja nadhiri yake?

Mimi nasema hakuivunja. Mtu asemaye, "Nitangoja mpaka nione," amefunga mambo mawili pamoja, kungoja na kuona. Kuona hakumo katika uwezo wake, maana hutegemea wengine na siku zijazo. Kungoja kumo katika uwezo wake, na hicho ndicho alichokitoa kwa kweli siku ile alipoapa. Muthoni alitoa kungoja kwake kote, toka ujana hata uzee, hata ikawa hakubaki kitu cha kutoa. Angekufa na nywele zile, wengine wangeamua juu yake hali yeye hana kauli. Alikubali zikatwe akiwa hai, macho yake yakitazama. Kama deni lilibaki, lilibaki kwa wale waliomwahidi matunda, nao hawakusamehewa kwa sababu mkasi umepita.

Basi ile hoja yangu ya mawingu nikaiacha, nikaanza kuuliza swali jingine: nadhiri hii yalipwa na nani? Yeftha aliapa kwa kinywa chake, na aliyelipa alikuwa binti yake. Nadhiri ya namna hiyo ni mbaya tangu siku ilipotamkwa, hata ikiwa imevikwa ibada. Lakini mama wa kijiji chetu analima, anapalilia, analea wajukuu wawili na kuwanunulia daftari. Harusini nimemwona akicheka na kucheza. Uzito wa nywele zile huuchukua kwa shingo yake mwenyewe. Kama angewafungia binti zake mlango kwa ajili ya aliyepotea, ningesema maneno mengine. Hakufanya hivyo. Aliye hai anapata haki yake kwake, na asiyejulikana kama yu hai au amekufa amewekewa nafasi.

Tena katika Hesabu sura ya 30 niliona neno ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi pasipo kulitazama. Baba aliweza kuitangua nadhiri ya binti yake, na mume nadhiri ya mkewe, lakini iliwapasa kusema siku ile ile waliyoisikia. Nadhiri ya mjane ilisimama. Hapakuwa na wa kuitangua. Wazee wetu walikuja baada ya miaka tisa. Naona haya kusema kwamba hata mimi nilikuja baada ya miaka tisa, wala katika miaka hiyo sikupata kumwuliza hata mara moja kama zipo habari za mwanawe. Tulichokuwa tumechoka nacho ni kumwona. Nywele zile zilitukumbusha, kila Jumapili, kwamba yuko kijana wa kijiji hiki ambaye hatukumtafuta.

Lakini hofu ya shemeji yake bado ipo, na hiyo si ya kupuuzwa, maana ni hofu ya damu. Nimeipima hivi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, yamkataza mtu kumtaja mwenziwe kuwa mchawi. Lakini twajua sheria hukaa mbali, na panga liko karibu. Je, mama akate nywele ili awatulize wenye shuku? Kama angekuja kwangu mwenyewe akasema, "Mwalimu, naogopa, nisaidie nizikate," ningemshikia beseni, wala nisingemwona dhaifu. Bali kumkata sisi kwa ajili ya hofu ya wengine ni jambo jingine. Leo tutakata nywele. Na macho mekundu je, kesho tutayafanyaje? Mwenye shuku hashibi akilishwa. Tena tukimnyoa kwa sababu ya maneno ya mtu yule wa ng'ombe, tumekiri mbele ya kijiji kizima kwamba palikuwa na kitu cha kufichwa.

Nikarudi kwake. Safari hii sikwenda kufundisha. Nilimsimulia habari ya Muthoni, kama mtu amsimuliavyo mwenziwe. Alisikiliza sana, akauliza kama yule mama alikuwa na watoto, akauliza baridi ya msitu ule. Nikamwambia pia habari ya siku za Mnadhiri, kwamba labda yeye naye aweza kujiwekea siku, mbele ya Mungu, iwe ya kukamilisha kungoja kwake, si ya kuzika. Akasema atalifikiri. Akasema siku akitaka atamwita dada yake aliyeolewa Maswa, na kwamba wazee wasije na wembe wao. Kisha akaniuliza swali nisilolitazamia:

"Huyo mama wa Kenya, nywele zote hizo, nani alikuwa akimwosha?"

Sikujua. Lakini swali lile nililipeleka kwa shemeji yake, nikamwambia, kama wamwogopea, mkeo na aende akamwoshe nywele, tena mchana, uani, mlango wa ua ukiwa wazi, watoto waone kilichomo. Alinitazama kama mtu aliyedhihakiwa. Nikadhani halitafanyika.

Tena tuliandika barua mbili, moja kwa mchungaji mmoja upande wa Geita na moja kwa mfanyabiashara wa choroko apitaye huko na lori lake, tukataja jina la kijana, umri wake na kovu alilo nalo chini ya goti. Mpaka leo hatujapata jibu.

Jumamosi iliyofuata nilipita karibu na ua ule nikitoka kisimani. Mke wa shemeji yake alikuwa amepiga magoti nyuma ya yule mama, mikono imezama katika nywele mpaka viwiko, na maji ya beseni yalikuwa meusi kwa masizi ya jikoni. Watoto wanne walisimama mlangoni wakitazama, na mmoja wao, mdogo, aliruhusiwa kumimina maji.