Mwalimu Amjue Mwanafunzi Wake

Wanafunzi wa lugha hawafanani, na hilo halibishaniwi. La kujiuliza ni wanatofautiana wapi. Kwa miaka mingi walimu wamehimizwa kuwagawa kwa mafungu: huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia, mwingine kwa kutenda, na kila mmoja aandaliwe somo la fungu lake. Nia ni njema, lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipopitia tafiti zilizokuwapo, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kugawa hivyo kunamsaidia mwanafunzi kuelewa zaidi.

Mimi naamini tofauti yenye uzito ni kile mwanafunzi alichokuja nacho darasani. Chukua somo la ngeli ya KI-VI kwa wageni. Mganda ana ekitabo na ebitabo katika Kiganda chake. Kumkaririsha jedwali ni kumpotezea wakati. Mpe mazungumzo ya sokoni, azungumze. Mwomani analijua neno kitabu tangu utotoni, ila wingi wake kwake ni kutub: neno hubadilika ndani, si mwanzoni. Huyo anahitaji sentensi fupi nyingi: kitabu hiki kimepotea, vitabu hivi vimepotea. Mjerumani amezoea jinsia tatu za nomino, kwa hiyo hashangai kivumishi kikibadilika ili kipatane na nomino. Kinachomlemea ni wingi wa ngeli zenyewe. Jedwali litamfaa, mradi lisiishie kwenye karatasi, bali azisikie sentensi na kuzitamka mpaka zimkae mdomoni.

Somo ni moja, mazoezi ni matatu. Kazi hiyo ni ya kuchosha, hasa pale darasa linapojaa na vitabu vinapokuwa haba. Hata hivyo ndiyo heshima tunayodaiwa na mtu aliyekuja kujifunza: tumwone yeye, si fungu lake. Ukimwambia mtu kwamba yeye ni wa kuona tu, umemruhusu akwepe kusikiliza, na hakuna aliyepata kuzungumza lugha vizuri bila kuisikiliza. Kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika ni haki ya kila mwanafunzi.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujatoa nakala za zoezi la mwaka jana, waulize wanafunzi wako kwanza wanazungumza lugha gani nyumbani, na wanataka Kiswahili cha kufanyia nini. Kisha ndipo uandae somo.