Uwakili wa Mfanyakazi

Miongoni mwa mambo ambayo akili ya binadamu na sharia za dini zimeafikiana tangu kale ni kwamba wakili hupata uwakili wake kwa ridhaa ya yule anayemsemea. Na mtu akiwekewa msemaji na mwingine, ajapokuwa msemaji huyo ni fasaha na mwenye huruma, haki ya mwenyewe haijasemwa. Kwa mizani hiyo yafaa tuipime dola inapoingia kati ya mfanyakazi na mwajiri.

Vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho la TFL mwaka 1955, vikasimama pamoja na chama cha TANU kudai uhuru. Uhuru ulipopatikana, sheria ya mwaka 1962 ikaibana haki ya kugoma. Na mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, kwa amri ya sheria, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais, naye Michael Kamaliza, aliyeshika cheo hicho, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi.

Si insafu kudai kwamba serikali haikuwa na hoja. Wenye mishahara walikuwa wachache, wakulima ndio umma, na ilihofiwa kwamba neema ya wale ingelipwa kwa jasho la hawa. Hoja hiyo yaipa dola haki ya kuwatetea wakulima mbele ya wafanyakazi. Haiipi haki ya kuwasemea wafanyakazi mbele ya nafsi yake. Kwani baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi zilipotaifishwa, mwajiri mkubwa, mtunga sheria na mteuzi wa msemaji walikuwa ni yule yule mmoja, ilhali mapatano hutaka pande mbili.

Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakataza viongozi kiburi na dharau, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliweka zana chini pasipo kuongozwa na NUTA, na mara nyingi walilodai ni heshima kabla ya ujira.

Wajibu wa dola ni kumlinda mjumbe asifukuzwe kwa kusema, kumlazimu mwajiri kuketi na kujadiliana kwa nia njema, na kuweka msuluhishi asiyeelemea upande. Na sheria za kazi za mwaka 2004 zimeielekea njia hiyo. Lakini kila chama kijiitacho cha wafanyakazi hakina budi kuulizwa: ni nani aliyemchagua kiongozi wake, na ni nani awezaye kumwuzulu? Jibu likiwa si wafanyakazi wenyewe, uwakili huo ni batili, hata ukileta nyongeza ya mshahara.