Neno la Vazi na Mvaaji Wake

Wanafunzi wa Kiingereza huuliza mara kwa mara: vazi hili ni la mwanamume, la mwanamke, au la wote wawili? Kamusi huwajibu kwa maneno mawili matatu, nao huridhika. Lakini chini ya swali hili dogo limelala lingine kubwa zaidi: kamusi isemapo kwamba neno fulani ni la vazi la kike, yatoa habari au yatoa amri?

Tutazame neno "frock". Mwingereza wa leo alisikiapo hufikiri vazi la mwanamke au la mtoto wa kike. Hapo kale lilikuwa joho la mtawa wa kiume, na hata sasa padri aliyeondolewa katika upadri husemwa kwa Kiingereza kuwa amevuliwa "frock". "Petticoat", ambayo leo ni nguo ya ndani ya kike, katika karne ya 15 ilikuwa koti dogo alilovaa mwanamume chini ya mavazi yake. "Skirt" na "shirt" ni ndugu wa shina moja; mmoja amehamia kwa wanawake, wa pili amekaa zaidi kwa wanaume. "Gown" huvaliwa na bibi arusi, na jaji, na mhitimu wa chuo, awe mume au mke. Gauni letu latokana na neno hilo, ila lilipovuka bahari liliacha nusu ya maana yake nyuma. Mfasiri aandikaye kwamba jaji aliingia mahakamani amevaa gauni amemvika mzee wa watu nguo isiyo yake. Neno lake ni joho.

Basi jinsia haimo ndani ya neno kama kokwa ndani ya embe. Neno limevishwa jinsia na mazoea, na mazoea hubadilika.

Huenda mtu akasema: ikiwa hivyo, kila mmoja atumie neno apendavyo. La. Asemaye leo kwamba mwanamume amevaa "blouse", bila kueleza, ampoteza msomaji wake. Mazoea ni mapatano, na mapatano yana haki zake.

Ubaya huanza pale habari igeuzwapo amri. Mwaka 1851 Amelia Bloomer wa Marekani alitetea katika gazeti lake suruali pana za kike chini ya sketi fupi; akadhihakiwa hata jina lake likawa jina la vazi. Mjini Paris, amri ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke atakaye kuvaa kiume aombe kibali cha polisi. Haikutangazwa kuwa imekufa ila mwaka 2013. Ilhali katika Unguja ya karne hiyo ya 19, mabibi walivaa suruali chini ya kanzu zao, na lilikuwa vazi la heshima.

Mtunga kamusi na aandike yaliyopo: neno, mahali, wakati na mvaaji. Akifika hapo kazi yake imekwisha. Atakaye kumkataza mtu nguo yake na alete sababu nyingine. Kamusi si shahidi wake.