Bei ya Kizingiti

Kila nipitapo Kitale, mji ambao reli iliufikia mwaka 1926, hukumbuka kwamba mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi na askari wa Kizungu waliotoka vitani, kwa mpango wa makazi wa 1919, ilhali mwenyeji, takriban miaka hiyo hiyo, alining'inizwa kipande cha utambulisho shingoni ndipo aruhusiwe kutembea katika nchi ya babu zake.

Nami hujiuliza, na suala hili hunikosesha raha: je, ni halali kuutia bei ukarimu wa kumpokea mgeni? Kanuni zetu za uhamiaji hapa Kenya humtaka mwekezaji wa kigeni awe na mtaji usiopungua dola 100,000. Marekani nayo, mwaka 2025, ilitangaza kadi ya dhahabu ya ukaazi kwa atoaye dola milioni moja. Aletaye kazi simlaumu hata kidogo. Lakini Kurani Tukufu, ilipowataja wanaostahiki zaka, ilimtaja ibn-sabili, msafiri aliyekatikiwa njiani, kwa ajili ya uhitaji wake wala si kwa ajili ya mfuko wake. Na wahenga wetu, walioamrisha mgeni apewe jembe siku ya tatu, walimdai jasho, ambalo fukara analo sawasawa na tajiri.

Leo hata ndugu hugeuzwa mgeni: huku Bungoma, penye mto Lwakhakha, Mbukusu na Mmasaba wa Uganda, walio ukoo mmoja na jando moja, wamegawanywa na mpaka ambao wazee wao hawakushauriwa juu yake, na avukaye kwenda kumzika shangazi yake husimama kwanza mbele ya afisa, karatasi mkononi.