Juu ya Mzazi Anayemtorosha Mtoto Ng'ambo

 

Tumeulizwa katika darsa yetu, na si mara moja, juu ya mzazi amchukuaye mwanawe akamvusha bahari bila ya ridhaa ya mwenziwe. Swali huja kwa namna hii. Mume na mke wameachana, na mtoto yuko kwa mamake Mombasa au Malindi. Baba aja siku moja, asema ampeleka mtoto kwa nyanyake kwa sikukuu. Kumbe tiketi ya ndege imekwisha katwa. Siku ya tatu mama apigiwa simu kutoka Maskati, au Jidda, au Dubai, aambiwa mtoto harudi tena. Na pengine huwa kinyume chake: baba yuko London afanya kazi, mke amwambia aenda Lamu kuwaamkia wazee kwa mwezi mmoja, kisha harudi, wala hamruhusu baba hata kuisikia sauti ya mwanawe. Mwulizaji atwambia: "Je, si mwanawe? Mtu aweza kuiba kilicho chake?"

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hili kwa urefu. Watu wa pwani hii tangu kale wana jamaa ng'ambo ya bahari, Uarabuni na kwengineko, na leo wako Ulaya na Marekani pia. Ugomvi wa nyumba ambao zamani ulikwenda ukaishia mtaa wa pili, kwa wazee, sasa wavuka mipaka ya nchi kwa muda wa saa chache.

Jawabu la kwanza ni kuwa mtoto si mali ya mtu. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wazazi wawili, na amana iliyowekwa kwa watu wawili haiwi halali kwa mmoja wao kuichukua kwa siri na kukimbia nayo. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mola wetu amekataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe. Na katika aya iyo hiyo, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumefungamanishwa na ridhaa ya wote wawili na kushauriana. Basi na tufikiri: ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka mashauri, itakuwaje kumwachisha mama mzima, na nyumba aliyozaliwa, na chuo asomacho, na lugha asemayo?

Jawabu la pili ni hukumu iliyopita zamani za masahaba, nayo imepokewa na Imam Malik katika Muwatta. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa ameachana na mkewe wa Kiansari, naye alizaa naye mtoto jina lake Asim. Siku moja Umar alikwenda Quba, akamwona Asim anacheza uani mwa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake juu ya mnyama wake. Nyanyake mtoto akamfuatia mbio na kumshika kwa maneno, huyu asema ni mwanangu na huyu asema ni mwanangu, mpaka wakafika kwa Sayyidna Abubakar, naye ndiye Khalifa. Abubakar akaamua kuwa mtoto aachwe kwa upande wa mama. Na mpokezi wa khabari asema kuwa Umar hakurudisha hata neno moja.

Yatupasa tuizingatie hadithi hii. Umar ndiye yule yule ambaye watu walimhofu, na mtoto ni wa damu yake bila ya shaka, na tayari alikwisha kuwa juu ya mnyama. Wala hakusema, "Mimi ni baba, basi imekwisha." Alikwenda mbele ya kadhi, na alipohukumiwa akanyamaza. Haya basi, mwanamume wa leo ambaye si Umar wala hafiki ukucha wake, apata wapi idhini ya kumpakia mtoto ndege usiku, kisha asifike mbele ya hakimu yeyote?

Hapo watainuka watu watuletee vitabu. Watasema: katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, baba anapohama nchi kwa kukaa moja kwa moja, yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kwenda na mtoto, ili nasaba isipotee. Ni kweli, mas'ala haya yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi, wala hatuyafichi. Lakini mwenye kusoma nusu ya mas'ala huwapoteza watu. Vitabu hivyo hivyo vimesema kuwa ikiwa safari ni ya haja tu, si ya kuhama, mtoto hukaa na yule mzazi asiyesafiri. Na hata katika kuhama pameshurutizwa njia iwe ya amani na nchi iendewayo iwe ya amani. Naye Ibnul Qayyim katika Zadul Maad ameeleza kuwa la kutazamwa ni lile lililo bora kwa mtoto, na kwamba atakaye safari kwa hila ili kumdhuru mwenziwe na kumpokonya ulezi hakubaliwi ombi lake. Basi yuko wapi mwanachuoni aliyesema kuwa baba na adanganye, aibe pasipoti, amfiche mtoto na abadilishe nambari ya simu? Haki ya sharia hudaiwa mchana mbele ya kadhi.

Na mama naye asidhani kuwa maneno haya yampa yeye ruhusa. Ni kweli kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alimpa mama haki ya kulea mtoto mdogo maadamu hajaolewa, kama alivyopokea Abu Daud. Lakini ulezi haumfuti baba. Baba ana nasaba, ana uwalii, ana wajibu wa kulisha, na ana haki ya kumwona mwanawe na kuonwa naye. Mwanamke amfichaye mtoto Lamu ili kumtia uchungu mume aliye London, dhambi yake ni ile ile ya mwanamume amfichaye Maskati.

Wako wengine husema: "Mimi nimemtorosha kwa kuihifadhi dini yake." Neno hili ni zito, na mara nyingi ni kifuniko. Tangu lini dini ikasomeshwa kwa uwongo? Mtoto aliyeambiwa mamake amekufa, na mamake yu hai, atakapokuwa mkubwa akajua, atakuwa amejifunza nini juu ya dini ya aliyemwambia? Mwenye khofu ya kweli na aseme mbele ya hakimu, na awaite wazee wa pande mbili, na apange ni nani atakayemsomesha mtoto Kurani na wapi.

Sasa tutazame madhara yenyewe. Katika Suratul Qasas Mwenyezi Mungu ametupa khabari ya mama wa Nabii Musa, jinsi moyo wake ulivyobaki mtupu mwanawe alipokwenda na maji, na jinsi Mola alivyomrudisha mtoto kwake ili jicho lake lipoe. Nabii Yaakub, naye ni Mtume, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf. Hata ndege: imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Mas'ud kuwa masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipapatika, na Bwana Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Na Tirmidhi amepokea onyo lake kuwa mwenye kumtenga mama na mwanawe, Mwenyezi Mungu atamtenga na wapenzi wake Siku ya Kiyama.

Dhambi hii pia haiwi ya mtu mmoja. Mtoto hafichiki peke yake. Yuko shangazi aliyemfungulia mlango, ami aliyelipa tiketi, jirani ajuaye na asemaye "hayo ni ya watu na nyumba yao", na mwalimu wa chuo aliyempokea bila ya kuuliza mamake yuko wapi. Hao wote wamesaidiana katika dhulma, na Kurani katika Suratul Maida imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Na mataifa yamekwisha kulitazama jambo hili. Uko Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, na nchi zaidi ya 100 zimeingia. Shuruti yake ni kuwa mtoto aliye chini ya miaka 16 aliyetolewa kinyume cha haki arudishwe upesi katika nchi aliyokuwa akikaa, ili hakimu wa huko ndiye aamue nani amlee. Isipokuwa ikiwa kurudi kutamtia katika hatari kubwa, na mambo mengineyo machache. Wako wasemao kuwa mambo haya hayapatani na Uislamu. Lakini Uturuki imo, na Moroko imo, na Pakistani iliingia mwaka 2016. Kabla ya hapo, Januari 2003, mahakimu wakubwa wa Uingereza na Pakistani walikutana London wakaandikiana mapatano juu ya watoto wa namna hii. Na tangu mwaka 2004, huko Malta, mahakimu wa nchi za mkataba na wa nchi zenye kufuata sharia ya Kiislamu wamekuwa wakikutana kutafuta njia. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imeweka maslaha ya mtoto mbele katika kila jambo limhusulo, na ikawapa baba na mama wajibu ulio sawa. Katika haya hatuoni linalopingana na hukumu ya Abubakar juu ya Asim.

Hatusemi, hata hivyo, kuwa kila aliyekimbia na mtoto ni dhalimu. Mwanamke apigwaye, au ambaye mtoto wake apigwa na kuumizwa, ana haki ya kutoka katika nyumba ya hatari. Lakini na akimbilie kwa jamaa zake, kwa polisi na kwa mahakama, ili dhulma aliyofanyiwa ijulikane na iandikwe, yeye asije akahisabiwa mkosa.

Nasaha yetu ni hii. Wanaoachana na waandikiane mapema, mbele ya mashahidi, mtoto atakaa wapi, ataonwa lini, na safari itakuwa kwa ridhaa ya nani. Mwenye khofu kuwa mtoto atatoroshwa asingoje. Na amwendee wakili, aombe mahakama ya watoto ikataze mtoto asitolewe nchini, na pasipoti iwekwe mahali pa amani. Aliyekwisha potelewa na mtoto na apige ripoti polisi siku ile ile, na ipo pia simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, nambari 116. Na wewe uliyemchukua mtoto tayari, mlango wa toba u wazi, lakini toba ya kilichochukuliwa ni kukirudisha. Anza leo kwa simu moja: mama na aisikie sauti ya mwanawe, baba na aisikie sauti ya mwanawe, kisha itafutwe suluhu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliyemrudisha Musa kwa mamake na Yusuf kwa babake, amrudishe kila mtoto aliyetengwa kwa wamliliao, azilainishe nyoyo zilizokuwa ngumu, na atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana zetu. Amin.